Tupeane uzoefu: nani ameshalipata kaburi la babu aliyefia vita vya Bama (Burma, leo Myanmar), Vita Kuu ya Pili?

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wake babu aliondoka Kibosho na Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Bama, hakurudi. Bibi alimpandia isale, mmea wa heshima kwetu Wachagga, kihambani, pale ambapo kaburi lingekuwa, na kila Desemba mzee hulimwagia mbege kidogo. Juzi tumefungua kasha lake la bati. Bahasha imeliwa na mchwa, ila namba ya jeshi na "36 KAR" (kikosi cha 36 cha Keya) bado vinasomeka. Mliotafuta mlianzia wapi?

Wa Majengo, Moshi
Mkuu, hiyo namba ni dhahabu. Mimi nilihangaika na jina mwaka mzima. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, kutafuta ni bure, lakini karani aliandika alivyosikia: Lyimo wetu nimemkuta Limo. Anza na namba. 36 KAR walikuwa Divisheni ya 11, walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua zikinyesha, matope hadi magotini. Wengi hawana kaburi. Pale Taukkyan, nje ya Yangon, kuna makaburi zaidi ya 6,000, na majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipolala.

Ngarenaro
Sisi tuliambiwa babu kafia Bama. Kumbe hata hakufika! Alikuwa wa mizinga, ndani ya meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaipiga, ikazama ndani ya dakika chache tu. Mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakaenda nayo. Majina yao yako Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Miaka yote hiyo, na ni basi moja tu kupitia Namanga!

Nilimpeleka shangazi, alizaliwa baba yake ameshaondoka. Akalipanguza jina kwa ncha ya kitenge, kisha akaniuliza, "Sasa udongo nachota wapi?" Sikuwa na jibu. Mtunza bustani akamchotea kiganja kimoja chini ya maua, tukaufunga kwenye leso.

Mleta mada
Wa Majengo, asante. Namba imekubali: yuko kwenye nguzo za ukumbusho pale Taukkyan, jina limekosewa herufi moja. Kesho nampelekea mzee karatasi. Ameshaniuliza kwa simu kama wameandika na jina la ubatizo.