Niache kazi Doha sasa niende chuo, au nimalize mkataba? Naomba ushauri

Mgeni_wa_Getini
Wadau, hamjambo. Kwetu ni Nyamasaria, Kisumu. Niko Doha, mlinzi, mwaka mmoja na miezi tisa sasa. Naandika nikiwa getini, saa saba mchana. Nimepata nafasi Masinde Muliro kule Kakamega, shahada ya uhandisi wa ujenzi, na natakiwa kuripoti mapema Septemba. Mkataba wangu wa miaka miwili unaisha katikati ya Oktoba. Nina miaka 27 na diploma iliyolala kwenye bahasha. Msimamizi ananiambia nikitoka kabla ya mkataba kuisha kiinua mgongo chote kinapotea. Usingizi umenihama. Nifanyeje?

Mwalimu_wa_Njoro
Ndugu yangu, elimu usiipige teke. Mimi nilisoma Egerton nikiwa bado nafundisha. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba wenzangu wako shambani, mimi niko darasani, githeri kwenye mkebe wa siagi. Sikukosa mshahara hata mwezi mmoja. Wewe kozi yako inataka uwepo mwenyewe, kwa hiyo nenda.

Mama_Salome_Lurambi
Mwanangu, mimi nilikwenda Saudia kwa miaka miwili. Kila mkataba ukiisha najiambia mmoja tu tena, nimalizie nyumba. Nikarudi baada ya minane. Nyumba ipo, mabati ya kijani. Mtoto niliyemwacha akinyonya alinipokea pale stendi ya Kakamega akaniita anti. Rudi.

Kaunta_ya_Kibuye
Swali moja tu. Nauli na pesa za ajenti ulizitoa wapi?

Mgeni_wa_Getini
Hayo yanahusiana vipi? Nauliza habari za chuo.

Kaunta_ya_Kibuye
Yanahusiana sana. Na umekwepa.

Mgeni_wa_Getini
Sawa. Nilikopa Sacco 250,000, mama akanidhamini. Anauza omena Kibuye, na akiba yake yote imeshikiliwa kwa huo mkopo. Zimebaki 118,000. Lakini nimepiga hesabu: nimeomba HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, na wikendi nitafanya vibarua vya mjengo. Sitamwacha aumie. Karo ya muhula wa kwanza nimeshalipa.

Kaunta_ya_Kibuye
Na notisi?

Mgeni_wa_Getini
Niliipeleka Jumatatu.

Kaunta_ya_Kibuye
Omera! Basi ushauri umeuomba baada ya kufunga begi. Mama anajua?

Mtumishi_Manyatta
Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi. Akiba ya mama mjane si mtaji wa ndoto za mtu.

Mgeni_wa_Getini
Sikusema mama ni mjane. Na si ndoto. Mwaka jana niliahirisha, nikaambiwa nafasi haitaningoja tena. Nikikosa mara hii nitafikisha 30 nikifungulia watu geti.

Jicho_la_Nakuru
Wadau, mnalia na hekaya. Qatar kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 kazi za juani ni marufuku saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu. Huyu yuko getini saa saba! Tena mlinzi aliyekaa karibu miaka miwili hajui sheria ya kiinua mgongo? Huyu yuko kwa cyber Kondele anatafuta huruma. Kesho ataweka namba ya M-Pesa.

Mama_Salome_Lurambi
Hajaomba hata shilingi. Muache kijana wa watu.

Jicho_la_Nakuru
Wote huanza hivyo, mama. Mimi nilishatuma 3,000 kwa "mgonjwa" aliyekuja kuonekana Naivasha akila samaki.

Mgeni_wa_Getini
Nina kibanda. Kina vioo pande tatu na AC inayovuja. Maji yanadondokea ndoo ya rangi, naimwaga kila baada ya saa mbili kabla haijafika kwenye soketi. Gari likija natoka, nasoma namba, narudi. Namba yangu ya M-Pesa sitaiweka hapa. Kama hutaki kuamini, pita.

Nilikuwa_Doha
Kibanda kipo, nimekaa ndani ya kile chenye joto kuliko hicho. Tuache hayo, msimamizi anakutisha bure. Ukishatimiza mwaka mmoja, kiinua mgongo ni haki yako: si chini ya wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na miezi inayobaki huhesabiwa kwa kiwango chake. Mshahara wako wa msingi ni ngapi?

Mgeni_wa_Getini
Riyali 1,200.

Nilikuwa_Doha
Basi tarajia kama riyali 1,500. Shilingi elfu hamsini na kitu. Mkopo hauishi kwa hiyo, usijidanganye. Notisi kwa mtu ambaye hajapita miaka miwili ni mwezi mmoja. Ukipita miaka miwili ni miezi miwili. Kwa hiyo ukikubali mkataba mpya Oktoba, kutoka kutakuwa kugumu zaidi. Habari ya tiketi soma mkataba wako, usimsikilize msimamizi. Na mwandikie msajili leo: muulize mwisho wa kuripoti kwa waliochelewa ni lini. Hilo hujauliza, nimekusoma kutoka juu hadi chini.

Mgeni_wa_Getini
Sijauliza, kweli. Niliogopa wataniambia nisije.

Kaunta_ya_Kibuye
Swali la mama bado hujalijibu.

Mgeni_wa_Getini
Hajui. Amezoea kupokea 12,000 kila tarehe tano, anapeleka Sacco mwenyewe, risiti anazitunza kwenye mkebe wa Kimbo. Nilitaka kumwambia nikishafika.

Mama_Salome_Lurambi
Umwambie ukiwa mlangoni na begi? Mpigie simu leo, mwanangu.

Mgeni_wa_Getini
Nimempigia. Alikuwa sokoni, nilisikia gorogoro, mkebe wake wa kupimia, ikigonga meza. Nikasema yote, hata notisi. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika. Kisha akamwambia mteja "ngoja kidogo", akaniuliza kama hiyo barua ya notisi inaweza kurudishwa, na kama chuo kitakubali nifike Oktoba. Nimeshamwandikia msajili. Kesho saa mbili asubuhi naingia ofisini kuulizia barua.

Jicho_la_Nakuru
Tujulishe msajili atakavyosema. Na pole kwa yale niliyosema.