Uchumi Mlimani, Benki na Fedha IFM, au nisubiri mwaka? Nina Division One ya 9 (EGM: Uchumi, Jiografia, Hesabu)

mlalahoi_Iringa:
Wakuu, heshima kwenu. Form six nimepata Uchumi B, Jiografia C, Hesabu D. Nimebaki na njia tatu: Uchumi UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani), Benki na Fedha IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), au nikae nyumbani nirisiti Hesabu, mwakani niombe Mlimani kwa nguvu. Mzee anataka nisubiri, anasema Mlimani kugumu kuingia ndiyo maana ni bora. Nataka hoja, ushabiki wekeni pembeni.

KijanaWaPosta:
IFM, bila kupepesa macho. Ukitoka getini benki zimekuzunguka, field unaitafuta kwa miguu. Ila nimesoma pale, usinisikilize mimi peke yangu.

DadaMahesabu:
Dogo, ugumu wa kuingia ni uwiano wa waombaji na nafasi, basi. Hausemi mwalimu anafundishaje. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1). Wewe Uchumi na Jiografia pekee ni 7. Ila kuvuka kigezo si kuchaguliwa: mstari wa kukata unawekwa na walioomba mwaka huo, kwa hiyo unahama. Na tangu 2017 watu wanaomba moja kwa moja vyuoni. Mtu mmoja anajaza fomu vyuo vinne, waombaji wanaonekana utitiri kumbe ni walewale. Wakishathibitisha chuo kimoja, nafasi walizoacha zinarudi awamu ya pili.

Kusubiri nako kuna bei. Tuseme ukimaliza utalipwa laki saba mkononi. Kuchelewa mwaka ni 8,400,000 unazoziacha. Hiyo ndiyo gharama ya fursa uliyojibia mtihani, sasa itumie.

mzee_wa_Kihonda:
Hesabu nzuri, lakini umempa ajira siku ya mahafali. Wangapi wanakaa mtaani miaka miwili na digrii zao? Kama kazi yenyewe haipo, mwaka wa kusubiri si wa milioni nane. Halafu mwajiri mwenye bahasha mia tano mezani hazisomi zote, anaangalia jina la chuo. Mzee wake hajakosea kihivyo.

DadaMahesabu:
Mzee wangu, hapo umenibana. Punguza basi, weka nusu. Bado D ya Hesabu kuwa B haina uhakika, na anaacha kilichopo mkononi.

Chekechea88:
Mnabishana vyuo wakati mimi mkopo wa Bodi ya Mikopo ndio unanitisha. Kaka yangu anakatwa mpaka leo.

DadaMahesabu:
Kaka yako huenda ni wa enzi ya tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Ilifutwa 2021. Chukua deni la 9,600,000: zamani mwaka wa kwanza tu lingeongezeka 576,000. Sasa halizai. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye 800,000 anakatwa 120,000 na anamaliza kwa miezi 80. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, ile 120,000 ya mwaka wa sita inanunua kama laki moja ya leo. Hakuna benki itakayokukopesha hivyo. Usikatae Bodi ukaenda kukopa kausha damu ulipie ada.

KijanaWaPosta:
Naongezea: 15 hiyo inaumiza mwezi wa kwanza, hasa ukiwa umepanga Dar. Ukipata boom (pesa ya kujikimu ya Bodi) usilimalizie simu.

mlalahoi_Iringa:
Asanteni. Naomba Mlimani na IFM awamu ya kwanza, nikipata vyote nathibitisha kimoja. Nikikosa vyote, nitaingia awamu ya pili. Swali moja: D ya Hesabu kwa kozi ya Uchumi wanaikubali?

mzee_wa_Kihonda:
Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, tafuta mstari wa kozi yenyewe, si wa chuo. Kila kozi ina sharti lake. Soma kabla hujalipia fomu.