Dainamo haichaji kwenye trekta la zamani: niisuke upya, niweke altaneta, au niachane nayo?

JembeLaDiski
Wakuu, salaam. Nina Massey Ferguson 135 ya dizeli, bado ina dainamo ya Lucas C40. Wiki mbili sasa betri inaamka hoi. Asubuhi mita inasoma volti 11.9, stata inaguna mara moja kisha kimya. Injini ikinguruma napata 12.2 kwenye betri, hata nivute mkono wa mafuta hadi mwisho.

Kinachonichanganya ni taa nyekundu ya chaji. Injini ikiwa chini inawaka, nikiongeza mafuta kidogo inafifia karibu izime, nikiongeza zaidi inarudi kuwaka, tena kwa ukali kuliko mwanzo. Balbu yake imeshaungua mara 2 mwezi huu.

Fundi kaangalia dakika 5, kasema dainamo imekufa. Kwa hiyo ama niisuke upya, ama niweke altaneta (niseme ukweli, moja nimeshainunua), ama niachane na chaji ya trekta niwe nachaji betri pembeni. Mnashauri ipi?

MzeeWaGia
Altaneta, bila kumung'unya maneno. C40 ikiwa nzima kabisa inatoa ampea 22, na hizo ni mpaka injini ichangamke. Trekta likinguruma chinichini haitoi cha maana. Altaneta hata ya ampea 36 inaanza kuchaji mapema zaidi, na regyuleta yake (kidhibiti cha volti) imo tumboni mwake. Langu nilibadilisha, betri nimeisahau.

Ila usidhani ni kazi ya kukaza nati 3. Puli zikae mstari mmoja, la sivyo mkanda utaliwa upesi. Waya mwembamba wa chaji utoe, weka mnene. Halafu tazama betri yako imefungwaje: matrekta mengi ya Uingereza ya umri huo, chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi, yaani chuma cha trekta. Ukifunga altaneta ya kawaida bila kugeuza betri, diodi zake (vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinakufa hapo hapo.

DizeliKavu
Mimi niko kundi la tatu, msinicheke. Dizeli yenye pampu ya kizamani ikishawaka haihitaji umeme kuendelea kunguruma. Umeme ni wa stata na taa tu. Nimemaliza misimu 2 sina dainamo: betri naichaji usiku, na jioni naegesha kwenye mteremko, lolote na litokee. Kama hulimi usiku, altaneta ya nini?

Spana13
DizeliKavu, betri ulizoziua katika misimu hiyo mbona hukuzitaja? Betri ya asidi ikishinda nusu tupu, plati zinaota salfa na haijai tena.

JembeLaDiski, usichague chochote bado. Hiyo taa yako imeshasema karibu kila kitu. Upande mmoja wa balbu unapata umeme wa betri kupitia swichi, upande wa pili umefungwa kwenye D ya dainamo, kichwa kinachotoa umeme. Volti zikilingana pande zote mbili hakuna kinachopita, taa inazima. Dainamo ikiwa imekufa kweli, taa inawaka vilevile, uvute mafuta usivute. Yako inafifia, maana yake dainamo imeifikia betri. Kisha inawaka tena, maana yake dainamo imeipita betri na haina pa kwenda. Umeme unazalishwa, umefungiwa mlango. Mlango ni katauti, swichi ya sumaku inayounganisha dainamo na betri chaji ikitosha, na kuzitenganisha injini ikizimwa.

Pima hivi. Nyuma ya dainamo vua waya zote 2, wa D (kichwa kikubwa) na wa F (kidogo, cha koili za sumaku). Unganisha vichwa hivyo viwili kwa kipande cha waya, mguu mmoja wa mita uweke hapo, wa pili kwenye bodi ya dainamo. Washa, ongeza mafuta taratibu. Volti zipande haraka bila kurukaruka, na zikifika 20 acha, usishindane nayo. Zikigoma chini ya 1, tatizo ni koili za F. Zikikwama kwenye 4 au 5, amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) ina kasoro. Zikiwa sifuri kabisa, anza na kaboni (brashi zinazogusa shaba ya amecha).

Koili_Mbili
Nakazia la kaboni. Zitoe uone kama zinateleza vizuri kwenye nyumba zake. Iliyokwama haigusi shaba hata kama bado ndefu. Shaba yenyewe isafishe kwa msasa laini wa mbao. Ule mweusi wa chuma punje zake zinajikita kwenye shaba, zinakula kaboni.

Na kuna njia ambayo haijatajwa: boksi la katauti lenye sura ileile ya zamani, ndani ni la kielektroniki. Kwa anayependa trekta libaki na sura yake ni zuri, pointi za kuungua hakuna. Lakini ampea haliongezi hata moja, dainamo ni ileile.

Mzee kasahau jambo. Baadhi ya dainamo hizi zina kebo ya saa ya mizunguko kwa nyuma. Ukiitoa dainamo, saa nayo inakufa. Na ukiamua kugeuza betri huku umebaki na dainamo, lazima uifundishe upya: vua waya wa F, chukua waya kutoka ule upande wa betri usiofungwa bodi, gusa kichwa cha F mara moja au mbili, sekunde tu. Hapo sumaku yake inageuka.

JembeLaDiski
Nimerudi na mikono myeusi. Nimeunganisha D na F kama alivyosema Spana: ilifika 20 kabla mkono wa mafuta haujafika nusu, sindano haikuruka hata kidogo. Kwa hiyo dainamo "iliyokufa" ni nzima.

Nikarudisha waya, nikafungua boksi la katauti, ambalo regyuleta nayo imo humo. Kwenye A, upande wa betri, nasoma 12.2. Kwenye D, 19 na inapanda. Nikadhani pointi zimeungua, nikazitazama kwa tochi, zilikuwa na weusi kidogo tu. Basi nikaanza kuvuta waya mmoja mmoja. Nilipofika ule wa E unaokwenda kwenye bodi, ukabaki mkononi. Shaba ilikuwa unga wa kijani, kilichokuwa kimeshikilia ni plastiki ya nje tu.

Nimekata hadi kwenye shaba nyekundu, nimeweka kichwa kipya, nimekwangua rangi na kutu chini ya boliti. Kuwasha na kuongeza mafuta kidogo, nikasikia "tak" ndani ya boksi, taa ikazima. Betri: 14.1.

Spana13
Ndiyo hiyo. Koili ya katauti na ya regyuleta zote zinamalizia safari yake kwenye E. Waya huo ukikatika, katauti haivutiki, na regyuleta haina cha kuiambia dainamo "basi, inatosha". Volti zikapanda bila breki, ndiyo maana balbu zilikuwa zinaungua. Una bahati koili za dainamo hazikufuata.

Jambo moja la mwisho: zima injini, kisha hakikisha katauti imeachia. Ikinasa, betri itamwagika yote kupitia dainamo, na utaikuta dainamo ya moto.

MzeeWaGia
Nakubali, kwa leo. Lakini piga hesabu ya taa. Za mbele 2 za wati 45 na ya nyuma 1 ya 55 ni wati 145, ampea 12 hivi. Unabakiwa na kama 10 za betri. Ukifunga nyingine 4 za 55 ili ulime usiku, hizo peke yake ni ampea 18, jumla 30. C40 haifiki huko hata uisuke kwa dhahabu.

DizeliKavu
Au ulime mchana.

JembeLaDiski
Taa za mbele ninazo 2, na moja haiwaki, kwa hiyo Mzee nina akiba kubwa tu. Katauti imeachia, nimepima baada ya kuzima. Altaneta nimeivingirisha kwenye gunia kavu, iko juu ya kabati stoo. Sasa naanza na hiyo taa ya kushoto. Nikikuta nayo ni ethi (waya wa bodi), nitampigia yule fundi simu.