Naomba ushauri: vitafunwa baridi vya matunda kwa watoto wadogo wakati wa joto kali

Mama wa Watatu

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kulea watoto wadogo katika kipindi cha joto kali. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka sita, wa pili ana miaka mitatu na mdogo ana miezi tisa. Shule zimefungwa, wote wanashinda nyumbani, na tangu joto lizidi chakula cha mchana hakiliki. Kinachoombwa kuanzia asubuhi ni kitu cha baridi, na wakishapewa soda au barafu za rangi, hata chakula cha jioni wanakichokonoa tu.

Sitaki kuwanyima raha ya msimu huu. Ninachotafuta ni vitafunwa vya matunda vitakavyowapoza na kuwashibisha kiasi bila kuua hamu ya chakula, na visivyonilazimisha kusimama jikoni mbele ya moto. Nina friji yenye sehemu ndogo ya kugandishia na blenda ya kawaida.

Mambo mawili yananisumbua zaidi. Nikigandisha juisi niliyoikamua mwenyewe bila sukari, inakuwa ngumu kiasi kwamba mtoto hawezi kuing'ata, na utamu unapotea ingawa matunda yalikuwa matamu. Pia, nanasi nikilisaga na mtindi nikaliweka kwenye friji, baada ya saa chache linakuwa chungu na hakuna anayeligusa. Na huyu wa miezi tisa, anayetaka kila anachokiona mikononi mwa wenzake, ashirikishwe kwa kiasi gani?

Mpishi wa Nyumbani

Dada, pole kwa joto na kwa mahangaiko. Hayo mawili yana sababu, na ukishazijua hutahitaji kununua kitu kipya.

Juisi inakuwa ngumu kwa sababu, ukishaichuja, kilichobaki ni maji kwa sehemu kubwa. Sukari huzuia sehemu ya maji isigande, na ndiyo maana barafu zenye sukari nyingi hulainika mapema mdomoni. Dawa yake si kuongeza sukari bali ni kuacha kuchuja: saga tunda lenyewe, kama embe, ndizi au papai, na ugandishe rojo lake zito. Nyuzinyuzi na nyama ya tunda hukaa katikati ya chembe za barafu, zisishikane na kuwa bonge moja. Kuhusu utamu kupotea, ulimi uliopozwa hauonji utamu sawasawa, hivyo rojo ambalo ni tamu kiasi likiwa halijapoa litaonekana limechujuka likishaganda. Kwa hiyo tumia matunda yaliyoiva hasa, yale ambayo mezani ungeona yamepita kidogo: ndizi yenye madoa meusi, embe linalobonyea ukiligusa.

Ningekushauri uanze na ndizi, kwa sababu hakuna tunda linalotoa matokeo mazuri kwa kazi ndogo kama hilo. Menya ndizi zilizoiva, zikate miviringo yenye unene wa kidole, uitandaze kwenye sahani bapa bila kugusana, kisha uigandishe usiku kucha. Ukitaka kuisaga, iache nje dakika tano kwanza. Mwanzoni blenda itaivunja iwe chengachenga kavu zinazorukia ukutani mwa chombo, na wengi hapo humwaga maji wakidhani mambo yameharibika. Usimwage. Zima blenda, sukuma chenga chini kwa mwiko, washa tena, na urudie hivyo bila haraka. Kuna wakati utaona zile chenga zinaanza kung'aa, zinashikana, na ghafla zinakuwa rojo laini jeupe linalochoteka kwa kijiko kama aiskrimu. Hapo unaweza kuongeza embe kidogo au kijiko cha mtindi. Liliwe papo hapo, kwa sababu ukiligandisha tena litakaza.

Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunjavunja protini, na protini za mtindi zikivunjwa ndipo uchungu unapojitokeza. Papai na kiwi vina vimeng'enya vya tabia hiyohiyo. Ama uchanganye wakati wa kula na kumaliza palepale, ama uchemshe vipande vya nanasi dakika chache na kuvipoza kabla ya kuvisaga na mtindi, kwa kuwa joto hukiharibu kimeng'enya hicho ilhali baridi hukipunguza kasi tu.

Baba wa Mapacha

Mimi nasimama na tikiti maji. Takriban asilimia 92 ya tunda hilo ni maji, halihitaji blenda, na mtoto analila kwa furaha isiyo na kifani. Nalikata vipande vya pembetatu, natoa mbegu, nachomeka kijiti butu upande wa ganda ili pawe na pa kushikia, kisha naviweka kwenye friji mpaka vipoe vizuri. Tango nalo, lenye maji takriban asilimia 95, likimenywa na kukatwa vipande virefu linapendwa kuliko tunavyofikiri sisi wakubwa.

Swali langu ni kuhusu juisi. Naona siku hizi inasemwa vibaya, na mimi sioni ubaya wa juisi iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa kitu. Si ni tunda lilelile?

Muuguzi wa Watoto

Ndugu Baba wa Mapacha, swali lako ni la haki. Mtoto akila chungwa zima hutafuna, huchukua muda, na nyuzinyuzi humfanya ahisi kushiba. Machungwa matatu yakikamuliwa hunywewa kwa mafunda machache, na tumbo halipati taarifa kwamba limekula. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaiweka sukari ya juisi ya matunda na ya asali katika kundi moja na sukari ya kuongezwa, na linataka kundi zima lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana libaki chini ya asilimia 5. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabla hajatimiza mwaka mmoja, wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe takriban mililita 120 kwa siku, na wa miaka minne hadi sita asizidishe mililita 180 hivi. Basi juisi si sumu, ila si kinywaji cha kukata kiu. Kiu ikatwe kwa maji.

Mama wa Watatu, mtoto wa miezi tisa ashiriki, lakini kwa namna yake. Mpe papai, embe au parachichi lililopondwa, likiwa na ubaridi wa friji tu na si barafu. Maziwa yabaki kuwa msingi wa lishe yake. Asali asiionje kabisa mpaka atimize miezi 12, hata ile inayofichwa kwenye mtindi, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa mbaya wa botulizimu kwa watoto wachanga. Kwa wanaosoma hapa na wana watoto walio chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee, joto lisiwafanye kuwapa maji wala juisi. Maziwa hayo yanatosha hata katika hali ya joto.

Jambo ninaloliogopa zaidi katika msimu huu ni kukabwa na chakula. Zabibu nzima ina umbo na ulaini wa kuziba koo la mtoto mdogo barabara, kwa hiyo ikatwe kwa urefu, mara mbili, iwe vipande vinne, na iwe hivyo mpaka mtoto apite miaka mitano. Tufaha bichi na karoti vikunwe kwa wadogo. Vipande vigumu vya barafu, karanga nzima na bisi havifai kwa hao wawili wa chini. Zaidi ya yote, waketi wanapokula. Mtoto anayekimbia huku akicheka na kipande cha tunda mdomoni yuko katika hatari kubwa, hata kama tunda limekatwa vizuri namna gani, na hili naomba mlisimamie bila kuona haya mbele ya wageni.

Kuhusu usafi, osha tikiti na embe kabla ya kuvikata, maana kisu huingiza ndani uchafu ulio kwenye ganda. Matunda yaliyokatwa yasikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja inatosha. Kugandisha hakuui vijidudu vingi, huvisimamisha tu, kwa hiyo maji ya kutengenezea barafu yawe salama kama maji ya kunywa.

Shangazi Mlezi

Wenzangu wameeleza vizuri kuhusu nini cha kuwapa. Mimi naongeza saa ya kuwapa, kwa sababu naona huko ndiko chakula cha mchana kinakopotelea. Mwanangu, mtoto anayedokoa kutwa nzima hafiki mezani na njaa, hata kama anadokoa matunda matupu. Weka nyakati mbili zinazojulikana, katikati ya asubuhi na alasiri baada ya usingizi, na kati yake pawe na maji tu. Watalalamika siku za mwanzo, usiyumbe. Meno nayo yatapona, kwa sababu kinachoyaharibu ni kulambalamba vitu vitamu mfululizo kuliko kuvila mara moja na kumaliza. Wakila matunda yenye uchachu wasukutue kwa maji, na mswaki usubiri angalau nusu saa.

Mchana wenye joto kali usipigane nao. Acha chakula kizito kiwe cha asubuhi mapema na cha jioni jua likishapoa, na mchana uwape bakuli la mtindi usio na sukari, embe lililokatwakatwa na yai la kuchemsha pembeni. Hicho ni chakula kamili, usikihesabu kuwa kitafunwa. Wa miaka mitatu mwache achague kati ya vitu viwili, wala usimwulize anataka nini, na tunda alilolikataa leo mrudishie siku nyingine bila maneno mengi.

Mama wa Watatu

Nawashukuru kwa moyo wote, hasa kwa maelezo ya nanasi, maana nilikwisha kudhani mtindi ninaonunua una kasoro. Ndizi zimo kwenye friza tayari.

Nina maswali mawili zaidi. Hawa wawili wakubwa wanapenda kunisaidia kukamua ndimu na malimau, tena tunafanya kazi hiyo nje. Je, kuna ubaya? Na huyu wa miaka sita, kila akila embe akiling'ata na ganda, hutokwa na vipele kuzunguka midomo. Je, nimkataze embe kabisa?

Muuguzi wa Watoto

Umefanya vyema kuuliza yote mawili kwa pamoja. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayofanana na ya kuungua, nayo huchukua wiki kadhaa kufifia. Ukamuaji uhamie ndani, na watoto waoshe mikono na midomo kwa sabuni kabla ya kutoka.

Vipele vya embe mara nyingi hutokana na utomvu ulio kwenye ganda na karibu na kikonyo, si nyama ya tunda. Limenye wewe mwenyewe mbali naye, lioshe, osha kisu na mikono yako, halafu mpe kipande kidogo kwa uma na umtazame. Ikiwa vipele havitokei, anaweza kuendelea kulila hivyo. Vikirudi hata baada ya hapo, asimamishe embe mpaka aonwe na daktari. Lakini ukiona midomo au ulimi unavimba, anatapika, anakohoa au anapumua kwa shida baada ya kula tunda lolote, usisubiri wala usimpe kitu cha kunywa. Mpeleke hospitali wakati huohuo na uwaambie alichokila na saa aliyokila.