Mashine ya boti inasumbua kuwaka alfajiri, lakini ikishapata moto inawaka kwa mvuto mmoja: nianzie wapi?

Nahodha wa Utende, Mafia

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina boti ya faiba ninayovulia nje ya Mafia, na siku ambazo kusi imekaza bahari haiingiliki, huvusha abiria kati ya Utende na Chole. Mashine yake ni ya nguvu farasi 40, ya mipigo miwili, silinda mbili, ya kuwasha kwa kamba, ile ya kuchanganya oili na petroli.

Kwa muda wa miezi miwili sasa, kila alfajiri inanitesa. Huvuta choki, hupampu kile kipira cha mafuta, kisha huvuta kamba mara 25, na wakati mwingine hata 30, ndipo inapokohoa na kushika. Ikishafanya kazi kwa dakika kumi, naweza kuizima na kuiwasha tena kwa mvuto mmoja bila choki, na huwa hivyo mchana kutwa. Ikilala usiku, kesho yake ni yale yale. Njiani haina tatizo lolote: haipungui nguvu hata boti ikiwa na mzigo kamili, wala haikatikatiki.

Nimebadilisha plagi zote mbili na sikuona tofauti. Fundi mmoja aliyeitazama amesema kwamba ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zimekwisha, hivyo mashine ifunguliwe, ziwekwe ringi mpya na pistoni. Gharama hiyo ni kubwa kwangu, na kabla ya kuilipa ningependa kuwa na hakika. Nisiwafiche, jambo hili limeanza kunitia hofu. Juzi tulikuwa tumeshang'oa nanga, mashine ikakataa kushika, na mkondo wa maji kupwa ukaanza kutusogeza kwenye matumbawe huku mimi nikivuta kamba. Kijana wangu aliwahi kuirudisha nanga majini. Naomba ushauri wa mwenye ujuzi.

Fundi wa mashine za baharini, Tanga

Wa alaykumu s-salaam, Nahodha. Nakupa pole kwa mkasa huo, na nakushauri uiache kwanza habari ya ringi. Ringi zikichakaa, mashine haisumbui alfajiri peke yake. Nguvu hupungua pia boti inapobeba mzigo, nawe umesema wazi kwamba nguvu iko vilevile. Kwa maelezo yako, mimi ninashuku mafuta, na plagi zenyewe zitakupa jibu bila kutumia hata shilingi.

Kesho alfajiri, fanya kila kitu kama unavyofanya siku zote, lakini ukishavuta kamba mara kumi, simama. Fungua plagi zote mbili uzitazame na kuzinusa papo hapo. Zikiwa zimelowa petroli, mafuta yanafika na tatizo ni cheche. Zikiwa kavu, hata ukiweka plagi mpya kila siku hazitakusaidia, kwa sababu ndani ya silinda hakuna cha kuwaka.

Zikiwa kavu, rudi kwenye kipira. Hakikisha kwanza kwamba kiskurubu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi kimefunguliwa. Kisha shika kipira kikiwa wima, mshale wake ukielekea juu, kwa kuwa vali zake ndogo hukaa vizuri zaidi namna hiyo, na ukibonyeze mpaka kiwe kigumu kama limau bichi. Kikikataa kuwa kigumu, au kikiwa kigumu kisha kikalegea baada ya dakika moja au mbili, kuna mahali mafuta yanatoka au hewa inaingia. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kiungio cha mpira wa mafuta kinachochomekwa kwenye mashine. Ndani yake kuna oringi ndogo, yaani pete ya mpira ya kuziba, ambayo petroli na jua huikausha mpaka ikapasuka, na watu hununua kabureta nzima kwa sababu ya oringi hiyo.

Huenda utauliza kwa nini basi mchana inawaka bila shida. Tangi lako liko chini kuliko mashine. Boti ikilala usiku, mafuta yaliyo kwenye mpira hurudi tangini kupitia vali ya kipira isiyoziba, na nafasi yake hushikwa na hewa. Pampu ya mashine yenyewe huendeshwa na msukumo wa hewa wa ndani ya injini, kwa hiyo kwa mwendo wa kamba huvuta kidogo sana, lakini mashine ikishashika huvuta kwa nguvu kiasi kwamba uvujaji mdogo wa hewa hauonekani.

Ukiona plagi zimelowa, andika tena hapa tuzungumzie upande wa cheche. Kwa sasa jua tu kwamba umeme wa cheche katika mashine kama yako hautoki kwenye betri, bali kwenye sumaku zinazozungushwa na kamba yenyewe, hivyo mvuto wa unyonge hutoa cheche dhaifu. Vuta taratibu mpaka uhisi meno yameshika, ndipo uvute kwa nguvu mara moja. Na usijaribu cheche karibu na plagi iliyotoka kulowa petroli au juu ya tangi lililo wazi, kwani moto wa petroli ndani ya boti hauna pa kukimbilia.

Mvuvi wa Ukerewe

Naomba kuongeza jambo moja juu ya aliyoyasema Fundi, kwa kuwa sisi huku ziwani hatuna chumvi lakini tatizo hili tunalo. Kitufe cha choki kinaweza kuvutika vizuri mkononi, ilhali kile kibati cha ndani kinachoziba mdomo wa kabureta hakizibi sawasawa. Mashine iliyolala inahitaji petroli nyingi na hewa kidogo. Kibati kikifunga nusu tu, utavuta kamba mpaka mabega yaume. Ondoa kifuniko cha mashine na kile cha hewa mbele ya kabureta, mwambie mwenzako avute choki, nawe utazame kwa macho yako. Usitegemee mkono.

Tena, wengi wetu hapa humimina petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta ili mashine ishike. Kama kuna siku utalazimika kufanya hivyo, mimina petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, kwa sababu petroli tupu huosha oili iliyobaki kwenye silinda na pistoni ikasugua chuma kikavu. Ringi ambazo leo ni nzima utaziua mwenyewe.

Mwanamaji wa Mombasa

Chunguza na maji ndani ya mafuta. Chota petroli ya chini kabisa ya tangi uiweke kwenye chupa nyeupe usiku kucha. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo asubuhi utayaona yamekaa chini kama tabaka lenye mstari. Na kipimo cha oili kifuate kitabu cha mashine. Kama ni 50 kwa 1, basi ni mililita 20 kwa kila lita moja, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Wanaozidisha oili wakidhani wanailinda mashine huishia kuchafua plagi.

Nahodha wa Utende, Mafia

Nawashukuru sana, na narudi na majibu kama mlivyoagiza. Asubuhi ya kwanza nilivuta kamba mara kumi, nikafungua plagi. Zote mbili zilikuwa kavu kabisa, hata harufu ya petroli ilikuwa ndogo. Kipira nilikibonyeza mpaka vidole vikauma, kikawa kigumu, na kabla sijamaliza kufunga plagi kilikuwa kimelegea tena. Nilichomoa kiungio nikaitoa oringi kwa ncha ya kisu. Ilikuwa imebapa upande mmoja, na nilipoikunja kidogo ilikatika mkononi mwangu. Nimeweka mpya, na kipira pia nimenunua kipya, kwa kuwa cha zamani kilikuwa na nyufa karibu na shingo.

Asubuhi ya pili ilishika kwa mvuto wa nane. Nilifurahi, lakini nikakumbuka maneno ya ndugu wa Ukerewe, nikafungua kifuniko. Kijana alivuta choki, na kile kibati kilisogea nusu tu kikasimama. Kile kijiti kinachokiunganisha na kitufe kilikuwa kimechomoka upande mmoja, kinaning'inia. Nimekifunga kwa waya mwembamba wa shaba, na leo alfajiri mashine imeshika kwa mvuto wa tatu. Maji kwenye mafuta hayakuwepo, na oili ninachanganya kwa kipimo hichohicho.

Nimeazima pia geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ambao hupungua ringi zikichakaa. Nikafungua plagi zote, nikafungua akseleta mpaka mwisho, nikavuta kamba mpaka sindano ikaacha kupanda. Silinda zote mbili zimesoma karibu sawa kabisa.

Fundi wa mashine za baharini, Tanga

Alhamdulillahi. Silinda mbili zikisoma karibu sawa, na nguvu ya boti haijapungua, ringi hizo ziache zifanye kazi yake. Huanza kutilia shaka pale ambapo moja inapungukiwa na mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15.

Lakini waya huo wa shaba uutoe haraka, Nahodha. Mtikisiko wa mashine utaukata, na kipande kikidondoka mbele ya mdomo wa kabureta kitavutwa ndani mpaka kwenye vali za hewa na silinda. Agiza kile kijiti chenyewe pamoja na klipu yake, na kikifika ukipake grisi ya baharini kabla ya kukifunga. Mpaka hapo, kila asubuhi washa mashine na uisikilize kidogo ikiwa bado nanga iko chini, ndipo umwambie kijana aing'oe.