Kidonda cha ulimi chenye granuloma: je, rangi ya Ziehl-Neelsen isipoonyesha bakteria, basi si kifua kikuu?

Tabibu wa Meno, wilayani
Waheshimiwa madaktari, naomba ushauri. Nimempokea mwanamume wa makamo mwenye kidonda ubavuni mwa ulimi kilichodumu wiki saba; kinamuuma anapokula, na kingo zake zimelika kwa chini. Mwanzoni nilidhani chanzo ni jino lililovunjika, nikalisawazisha na kumpa dawa ya kusukutua, lakini baada ya wiki mbili hapakuwa na nafuu, ndipo nikakata kipande na kukipeleka maabara kwa kuhofia saratani. Majibu yanasema hakuna saratani, ila kuna granuloma (mafundo madogo ya chembe za kinga) zenye chembe kubwa za viini vingi, hakuna sehemu iliyooza mfano wa jibini, na rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kutafutia bakteria wa kifua kikuu kwa hadubini, haikuwaonyesha. Je, sasa nifikirie sakoidosisi, ugonjwa wa granuloma usiojulikana chanzo chake?

Mpatholojia
Ndugu yangu, usiharakishe kufika huko. Sakoidosisi hukubaliwa baada ya kuhakikisha kwamba magonjwa mengine hayapo, na katika mazingira yetu la kwanza kuchunguzwa ni kifua kikuu. Rangi ya Ziehl-Neelsen huhitaji bakteria wengi: katika makohozi, hadubini huanza kuwaona wanapofika takriban 5,000 hadi 10,000 kwa mililita, na nyama ya kinywa mara nyingi huwa na wachache mno. Kukosekana kwa uozo mfano wa jibini, ambao ni dalili ya kifua kikuu, nako hakutoshi kukikanusha, kwa sababu kipande kilichokatwa juujuu huweza kuikosa sehemu yenyewe, na kwa mgonjwa mwenye VVU granuloma huenda zisijengeke vizuri. Mwombe aliyesoma kipande hicho akate tabaka zaidi na kutumia rangi za PAS na Grocott zinazoonyesha fangasi, kwani histoplazimosisi, ugonjwa wa fangasi, huweza kuleta kidonda cha namna hiyohiyo. Kaswende nayo ipimwe kwa damu.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kipande chote kutumbukizwa kwenye fomalini, kwa kuwa bakteria waliokwisha kuuawa na fomalini hawaoteshwi. Ukilazimika kukata tena, kata kwa kina kutoka ukingoni, ukigawe kipande mara mbili: nusu iende kwenye fomalini, nusu kwenye maji ya chumvi yaliyo safi kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu) na kuotesha.

Daktari wa Kliniki ya Kifua Kikuu
Naongeza jambo moja ambalo swali halikuligusa: je, mgonjwa anakohoa? Kifua kikuu cha kinywani mara nyingi hutokana na ugonjwa ulioko mapafuni, hivyo kabla ya kuugusa ulimi tena, chukua makohozi kwa ajili ya GeneXpert, piga picha ya kifua na umpime VVU kwa ridhaa yake. Uliza pia kama amewahi kupewa antibiotiki ya siprofloksasini au dawa za jamii yake, kwa maana hupunguza makali ya bakteria hawa kwa muda na kuchelewesha utambuzi. Usimpe prednisoloni, kwa kuwa hudhoofisha kinga ya mwili. Na tafadhali vaeni barakoa ya N95 mnapomhudumia. Mashine ya kutoboa meno hurusha matone mengi hewani.

Tabibu wa Meno, wilayani
Nakiri kwamba sikumuuliza kuhusu kikohozi, kwa kuwa alikuja kwa ajili ya ulimi. Nilipomwita tena alisema amekohoa zaidi ya miezi miwili na suruali zimemlegea. Picha imeonyesha kivuli juu ya pafu la kulia, na GeneXpert ya makohozi imethibitisha kifua kikuu kisicho sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huu. Ameanza dawa za miezi sita. Sikukata kipande kingine.

Mpatholojia
Umefanya vyema kutokikata kwa sasa. Hata hivyo, mwone kila baada ya wiki mbili na upime upana wa kidonda kwa rula. Kisipoanza kufunga baada ya mwezi mmoja hadi miwili ya dawa, kata tena, kwa sababu saratani na kifua kikuu huweza kukaa katika ulimi mmoja.