Waliowahi kupima mvua, kurusha puto au kuokolewa na taarifa ya hali ya hewa: tupeane uzoefu

Mwalimu Kongwa
Wakuu, habari za majukumu. Kila msimu ukianza tunabishana kama utabiri umetimia au haujatimia. Leo naomba tuanzie kwenye vipimo, maana bila vipimo hakuna utabiri, na vipimo vinachukuliwa na watu. Kama umewahi kusoma kipimamvua, kurusha puto, kukaa mbele ya rada, au uhai wako umewahi kutegemea namba hizo, tueleze ulichokiona.

Naanza mimi. Shuleni kwetu kuna kipimamvua na nakisoma kila siku saa 3 asubuhi, muda ambao vituo vya ukanda wetu vyote vinasoma. Unainua faneli, unatoa chupa iliyo ndani, unamimina maji kwenye silinda ya kioo yenye mistari, kisha unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji. Pembeni maji hupanda kidogo kwenye kioo, kwa hiyo unasoma pale katikati yalipobonyea. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 ni zaidi ya lita 80,000 kwenye ekari moja!

Ninalowasisitizia wanafunzi zaidi ni siku kavu. Siku hiyo pia unakwenda, unafungua, unaandika 0.0. Ukiacha wazi, atakayefungua daftari hilo miaka 40 ijayo hatajua kama mvua haikunyesha au hakuna aliyekwenda kusoma. Manyunyu yasiyofikia kipimo yanaandikwa TR, lakini yanaandikwa. Huku Dodoma msimu ni mmoja tu, na kinachoua mahindi mara nyingi ni ukavu wa katikati ya msimu, Januari au Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Jumla ya mwaka inaweza kuwa nzuri kabisa na watu wakakosa chakula. Ukavu huo utauona kwenye zile sifuri zilizofuatana.

Dagaa Ukerewe
Mwalimu, heshima yako. Mimi ni wa ziwani. Sisi wa dagaa kazi yetu ni usiku wa giza, na usiku ndio wakati ziwa linapochafuka. Zamani nilidhani ni bahati mbaya tu, mpaka alipokuja mtaalamu mwaloni akatuchorea mchangani.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu yanajengeka huko kwenye vilima. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo wa kutoka pwani za Kenya, Uganda na huku kwetu unakutana juu ya maji. Ukikutana hauna pa kwenda ila juu, na hapo ndipo linapozaliwa lile wingu lenye radi saa 8, saa 9 usiku. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Ni bahari yenye tabia zake.

Siku hizi taarifa inasomwa mwaloni jioni kwa kipaza sauti: upepo unatoka wapi, mawimbi mita ngapi, usiku wa manane kuna nini. Kuna usiku tulisomewa upepo mkali, anga likiwa na nyota tupu. Wazee wakasema tusiingie. Vijana wa mtumbwi wa jirani walikuwa wameshawasha taa zao, wakashuka wakinung'unika. Alfajiri mabati ya mabanda ya kuanikia yalikuwa yametapakaa mchangani. Wale vijana wote wapo hai hadi leo, na mmoja ana watoto watatu.

Mstaafu wa Puto, Nairobi
Hamjambo nyote. Nimestaafu, ila kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kurusha maputo pale Dagoretti Corner. Watu wengi hupita hapo na matatu bila kujua kinachofanyika.

Duniani kote maputo hurushwa kwa saa moja: usiku wa manane na adhuhuri kwa saa za Greenwich, yaani saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwetu. Puto unalijaza gesi polepole ndani ya banda, na mikono haifai kuwa na pete wala kucha ndefu, kwani mpira wake ni laini mno. Chini yake unafunga kamba ndefu yenye kisanduku chepesi cha kupima joto, unyevu na mgandamizo, nacho hutuma namba kwa redio kinapopaa. Upepo unapatikana kwa kufuatilia puto linavyosukumwa. Linapanda kama mita 5 kwa sekunde. Likifika kilomita 30 hivi limeshavimba mara nyingi ya ukubwa wake, linapasuka, na kisanduku kinarudi na parashuti.

Kuna jambo lililokuwa likinisisimua kila mara. Juu ya Ikweta, kilomita 16 au 17 kwenda juu, joto hushuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, mara nyingi baridi kuliko anga la kimo hicho juu ya ncha za dunia. Unasimama Nairobi na sweta moja, unazisoma namba hizo zikiingia, na unajua kompyuta za Ulaya na Marekani zinazisubiri. Afrika ina vituo vichache vya puto. Kimoja kikinyamaza, utabiri wa watu wa mbali sana unadhoofika. Hilo linaniuma hata sasa.

Alizeti Singida
Mimi sina kipimo, nina swali lenye uchungu. Msimu uliopita tulisikia "mvua za wastani", nikalima. Kijiji cha jirani wakavuna, kwangu pakawa jangwa. Wastani wa nani huo?

Mwalimu Kongwa
Pole sana mkuu, na swali lako ni la haki. Wastani ni wa miaka mingi, kwa kawaida 30, wa eneo husika. Kwetu Tanzania mvua kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango hicho zinaitwa za wastani, kwa hiyo neno hilo limebeba upana mkubwa. Wanachotoa ni uwezekano kwa kanda nzima, na wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache tu. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu inaona ubaridi wa kilele cha wingu na kutoka hapo mvua inakadiriwa, lakini kilichoanguka shambani kwako hakijulikani kwa hakika mpaka mtu akipime. Ndiyo maana nakuomba ufunge kipimamvua.

Songosongo
Kilwa hapa. Nimesoma mpaka nywele zimenisimama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, tangazo lilitoka mapema, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, na sisi tukapandisha majahazi na ngalawa. Barabara ya kusini ilikatika, maji yalikuwa hayasemeki. Nilimuuliza kijana wangu anayesoma fizikia kwa nini vimbunga hutukosa miaka mingi. Akasema karibu na Ikweta msukumo wa mzunguko wa dunia ni mdogo, upepo haupati nguvu ya kujizungusha. Kutukosa, lakini, si ahadi.

Karafuu Pemba
Si ahadi hata kidogo, ndugu yangu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu kwa wingi sana. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa yetu zaidi. Walioamka siku ile hawakuwa na setilaiti, hawakuwa na tangazo. Nikiisikia redio ikitaja kasi ya upepo siku mbili kabla, huwakumbuka wao.

Alizeti Singida
Mwalimu, nimekuelewa. Nakifunga wapi hicho kipimamvua? Nina mwembe mkubwa uani.

Mwalimu Kongwa
Kaa mbali na mwembe, angalau mara mbili ya urefu wake, na mbali na paa pia. Mdomo wa faneli uwe sawasawa kabisa, tumia pima maji ya fundi. Zungushia miiba mbuzi wasifike. Ukishachimba shimo la nguzo weka picha hapa kabla hujamwaga zege, tuitazame pamoja.